Moto Uliojazwa Kabla ya Sabato

Sikuogopa boila mpaka nilipoielewa. Watu wengi huogopa wasichokijua. Mimi mambo yalinijia kinyume. Nilipokuwa mtoto nilipita kando ya kiwanda cha majani chai kila siku nikienda shule, nikaona moshi ukipanda kwenye dohani na kusikia mvuke ukipiga mluzi, na yote hayo kwangu yalikuwa kama ng'ombe anayelia zizini. Hofu niliipata chuo kikuu, katika chumba cha mihadhara, siku mwalimu alipotuambia tukadirie nguvu iliyomo ndani ya pipa la maji yaliyopashwa moto kupita kiwango cha kuchemka na kufungiwa yasipate pa kutokea. Nilipiga hesabu, nikairudia kwa kuwa sikuamini. Kisha nikaweka kalamu chini, nikatazama dirishani, nikawaza kuhusu kanisa la nyumbani.

Kiwanda chetu kilikuwa mgongoni mwa kilima, kati ya Keroka na Nyamira. Kanisa la Wasabato lilikuwa chini yake kidogo, kwenye ardhi ambayo waumini waliitoa kabla mtu yeyote hajaota kujenga kiwanda pale. Chumba cha boila kiliwekwa nyuma ya kiwanda, mahali pasipoonekana na wageni, na kwa hiyo kikawa mbele ya kanisa. Kati ya kuta hizo mbili palikuwa na kijia ambacho wanawake wawili wenye vikapu vya chai hupishana kwa shida. Mama yangu alipenda kukaa kwenye benchi la upande huo, kwa sababu chumba cha boila kilikinga upepo.

Baada ya shahada nilipelekwa ng'ambo kwa mwaka mmoja, kwenye kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, nikafanya kazi chini ya wasanifu wa boila. Boila ya kule haikuwa pipa. Ilikuwa jumba refu kuliko jengo lolote nililokuwa nimeliona Nairobi, limening'inizwa kwa vyuma kutoka juu ili likipata joto lirefuke kuelekea chini. Kuta zake zilikuwa mabomba matupu, yamepangwa bega kwa bega, maji yakipanda ndani yake. Makaa yalisagwa yakawa laini kuliko unga wa wimbi, yakapulizwa ndani pamoja na hewa ya moto, yakawaka yakiwa bado yanaelea. Ugomvi mkubwa wa watu wale maishani ulikuwa joto linalotoka dohani. Moshi walitaka upite kwenye mabomba ya maji, kisha kwenye mabomba ya mvuke, kisha upashe hewa inayoingia, hadi unapofika nje uwe umenyang'anywa kila kitu kama msafiri aliyepita kwa majambazi.

Lakini nilichokipenda zaidi kule ni kwamba hofu ilikuwa imejengwa ndani ya mashine. Maji yakipungua, moto ulikatika wenyewe. Presha ikizidi, moto ulikatika wenyewe. Hakuna mtu aliyeombwa awe jasiri. Niliuliza, kama kawaida yangu, itakuwaje kile kinachokata moto kikikosea. Wakanionyesha cha pili. Na hicho cha pili kikikosea? Wakanionyesha cha tatu. Nilipofungua mdomo tena, mhandisi mmoja akaniambia niende nikanywe chai.

Niliporudi nyumbani mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima, na kuni za kiwanda zilitafutwa mbali zaidi kila msimu. Vilima ambavyo nilivijua vikiwa na mikaratusi vilikuwa vimenyolewa. Meneja akaamua kujaribu makaa ya mawe, yaletwe kwa reli hadi Kisumu na kutoka hapo kwa lori. Alisikia kuna kijana wa hapa hapa aliyesomea moto wa namna hiyo, akaniita. Boila ile ya zamani, pipa la chuma lililolala ubavu, nikaibadilisha. Nilitengeneza wavu mpya wa chuma wa kubebea makaa, nikaweka feni ya kupuliza hewa kutoka chini, nikajenga tanuri upya kwa matofali mazito, kisha nikalifunga pipa lote kwa vitambaa vinavyozuia joto, mpaka ungeweza kuliegemea bila kuungua. Nilitaka joto lisipotee. Nilikuwa nimefundishwa hivyo, na kwa hilo nilifaulu.

Watu walikuja kutoka Masimba na kutoka Sironga kutazama mawe yanayowaka. Mwanamke mmoja alichukua bonge moja akapikie nyumbani. Nyumba ikanuka vibaya kiasi kwamba mumewe alienda kulala na ng'ombe.

Msimamizi wa wachochea moto alikuwa baba yangu mdogo. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na huyu ndiye aliyenilea pamoja na mama. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu ya moto. Tulipendana, lakini hatukukubaliana juu ya jambo lolote. Nilimuuliza kwa nini siku ianze jioni, kwa nini samaki asiye na magamba awe najisi, kwa nini mvua ikinyesha tumshukuru Mungu na mvua ya mawe ikinyesha tusimlaumu. Hakukasirika. Alikuwa akisema, "Mtoto huyu hata ugali atauuliza umetoka wapi kabla hajaula." Nilikuwa nimeacha kwenda kanisani tangu mwaka wa pili wa chuo, na mama alikuwa ameacha kunisihi.

Sasa lazima nieleze desturi ya Ijumaa, maana mambo yote yalitokea hapo. Msabato hafanyi kazi jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Lakini majani ya chai yaliyochumwa Ijumaa hayajui Sabato; yakilala bila kukaushwa yanaoza. Wachochea moto karibu wote walikuwa Wasabato. Kwa hiyo, tangu siku za kuni, walikuwa na njia yao. Jua likikaribia kutua walijaza tanuri mpaka mdomoni, wakanawa, wakavaa makoti, wakashuka kanisani kuikaribisha Sabato. Moto uliobaki ulitosha kukausha majani ya mwisho, na hakuna aliyegusa ukuni siku takatifu. Aliyebaki kuangalia mshale wa presha na kioo cha maji alikuwa fundi mmoja Mkatoliki, mtu wa kutoka kando ya ziwa, ambaye alisema yeye siku yake ni Jumapili, lakini kazi ilimfuata hata siku hiyo.

Kwa kuni, desturi hiyo haikuwa na neno. Mkaratusi unawaka kama porojo: kwa fujo, halafu kwisha. Kufikia wimbo wa tatu tanuri lilikuwa na vijinga tu. Makaa ya mawe hayana tabia hiyo. Ukiyajaza mdomoni yanakaa kimya kwanza, kama hayajasikia, kisha yanashika, na yakishika hayakuachi. Nami nilikuwa nimeyajengea matofali mazito na kuyafungia joto.

Ijumaa ya kwanza ya makaa, valvu ya usalama ilifunguka katikati ya maombi. Valvu yenyewe ilikuwa ya zamani: mkono mrefu wa chuma ulioshikilia kifuniko, na mwishoni mwa mkono huo kining'inio kizito. Mvuke ukizidi nguvu ya kining'inio, unainua kifuniko na kutoka nje kwa ngurumo hadi presha ishuke. Ngurumo hiyo ilitokea dirishani, ikapiga ukuta wa kanisa. Watoto walilia. Bibi mmoja alidhani ndiyo siku ya mwisho, akaanza kuwasamehe watu kwa majina yao, kwa sauti, pamoja na makosa ambayo wengine hawakuwa wameyasikia. Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile.

Nilimwambia baba mdogo wapunguze makaa siku ya Ijumaa.

"Na majani yakibaki?" akaniuliza.

"Hayatabaki. Makaa haya hayazimiki kama kuni."

"Hata kuni uliniambia hazina faida, nami nimezichoma miaka yote."

"Baba mdogo, ule mvuke unaotoka pale juu si kelele tu. Ni boila inaomba nafasi."

"Inaomba wakati na sisi tunaomba," akasema, akacheka.

Kisha ngurumo zikakoma. Ijumaa moja ikapita kimya, na nyingine, na nyingine tena. Meneja alinisifu. Baba mdogo alisema, "Tumeuzoea moto wako." Kila mtu aliridhika, ila mimi nilianza kukosa usingizi. Tanuri lilijazwa kama zamani. Nilipita Ijumaa saa za alasiri nikaona kwa macho. Majani yalikuwa yaleyale. Basi ule mvuke uliokuwa ukitoka dirishani ulikwenda wapi? Nilimuuliza fundi wa ziwani, akasema boila imepata adabu. Nilimuuliza baba mdogo mara ya pili, akaanza kuzungumzia mahindi. Sikuwahi kumwona akikwepa swali. Hilo lilinitisha kuliko ngurumo.

Nikaamua Ijumaa inayofuata nikakae mle ndani mwenyewe jua likitua.

Siku hiyo alasiri ilinyesha mvua ya mawe, ile ya kwetu ambayo huanza kama mtu anarusha punje za mahindi juu ya mabati na kuishia kama anayarusha mabati yenyewe. Nilijificha dukani Keroka mpaka ilipopungua, ndiyo sababu nilichelewa. Nilipopanda kilima mashamba ya chai yalikuwa meupe, majani yamechanwachanwa, na baridi ilitoka ardhini. Kutoka kanisani walikuwa wameshaanza kuimba. Sikusikia mashine za kukaushia. Nilisimama njiani nikasikiliza tena. Hazikuwa zinalia. Nikaanza kukimbia.

Fundi wa ziwani alikuwa amesimama mbele ya boila, mikono ameishika kichwani.

"Injinia, umekuja? Mungu anakupenda. Mimi hanipendi sana, lakini wewe anakupenda."

"Mashine zimesimama kwa nini?"

"Majani ilikuwa kidogo. Mvua ya mawe imepiga shamba yote, wameleta vikapu vichache tu. Imekauka, imeisha, watu wameenda."

"Tangu lini?"

"Tangu hawa wameanza wimbo wa kwanza."

Nilielewa kabla hajamaliza. Tanuri lilikuwa limejazwa kwa mazoea, kama kwa majani ya siku nzima, na majani hayakuwepo. Joto lote lile lilikuwa linaingia majini na hakuna mashine iliyokuwa ikiuvuta mvuke. Nikatazama saa ya presha. Mshale ulikuwa umepita mstari mwekundu, ukaingia sehemu ambayo aliyeitengeneza saa ile hakuona haja ya kuandika kitu. Ulikuwa unatetemeka.

"Valvu mbona haijafunguka?"

"Hiyo ndiyo mimi najiuliza. Labda imelala."

Nilipanda ngazi. Joto la juu ya boila lilinipiga usoni. Mkono wa valvu ulikuwa umenyooka, kining'inio chake mahali pake, na pembeni ya kining'inio, kwa waya uliokunjwa kwa ustadi, palikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe la Tabaka, lile laini la rangi ya waridi ambalo watu wetu huchonga vibakuli na wanyama. Hili lilikuwa limechongwa duara kama boga dogo, limesuguliwa likang'aa, na shingoni limetobolewa tundu safi la kupitishia waya.

"Hili jiwe ni la nini?" nilimwita fundi kutoka juu.

"Si ni yako?"

"Yangu?"

"Mimi nilifikiri ni wewe umeweka. Wanatundika Ijumaa, wanatoa kesho yake jioni. Imechongwa vizuri hivyo, nikasema hii ni mambo ya chuo kikuu."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye waya. Ningevuta, jiwe lingeanguka, valvu ingefunguka. Nilitaka kufanya hivyo kama mtu anavyotaka kuvua shati lililoshika moto. Lakini maji yaliyomo mle ndani yalibaki kuwa maji kwa sababu tu yalikuwa yamekandamizwa. Ukiyafungulia ghafla katika presha ile, yote yanataka kuwa mvuke kwa pamoja. Yanainuka, yanapiga mabamba ya chuma kama ngumi, na mabamba ya boila ile yalikuwa na umri kunizidi. Nilijua vilevile kwamba nikiliacha jiwe, mshale utaendelea kupanda. Nilirudisha mkono. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko kuurudisha ule mkono.

Kutoka pale juu niliona, kupitia dirisha la kutolea joto, paa la kanisa likiwa bado na mawe ya mvua kwenye mifereji. Walikuwa wanaimba ubeti wa mwisho. Mama huimba akiwa mbele ya wenzake nusu neno, siku zote, na niliisikia sauti yake ikifika mwisho wa mstari kabla ya wengine.

Nilishuka. Nikazima feni, nikafunga milango ya hewa ya chini. Kwenye kioo, maji yalikuwa chini kabisa, yakionekana na kupotea kama pumzi ya mgonjwa. Lakini yalionekana, na hiyo ilikuwa nafasi yetu. Nilimwambia fundi asiondoke kwenye pampu, aingize maji kidogo, asimame, atazame kioo, aingize tena. Yasipoonekana kabisa asipampu hata tone, maana maji baridi yakigusa chuma kilichokauka kwa moto pipa litapasuka; aseme tu.

"Nikisema, tutafanya nini?"

"Tutakimbia."

"Basi nitasema kwa sauti kubwa."

Kilichobaki kilikuwa moto wenyewe. Kule ng'ambo ungekuwa umekatika zamani bila kumuuliza mtu. Hapa ulitakiwa kutolewa kwa mikono, kitanda kizima cha makaa mekundu kinene kama godoro, kwa reki ndefu ya chuma, huku mwingine akitupia majivu yaliyoloweshwa juu ya yale yaliyobaki. Nilifungua mlango wa tanuri nikajaribu. Nyusi zangu ziliungua. Nilivuta mara chache, nikaona kwamba peke yangu sitamaliza kabla ya mshale.

"Kamwite mzee," fundi akasema bila kutoa macho kwenye kioo. "Mimi nikiingia pale watafikiri nimekuja kuokoka, hawataniachilia."

Nilivuka kijia. Kanisani walikuwa wamepiga magoti, macho yamefungwa, na mzee mmoja alikuwa akiomba yale maombi marefu ya kufungua Sabato. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kupiga kelele watoke. Lakini mlango wa kanisa ulikuwa mmoja, na njia ya kutoka ilipita mbele ya chumba cha boila, hatua chache kutoka kwenye lile pipa. Niliona kichwani mwangu watu wote wale wakijibana kwenye kijia, watoto mgongoni, wakisimama kuuliza kuna nini. Ndani wangekuwa na ukuta mmoja wa matofali mbele yao. Njiani wasingekuwa na kitu. Sikujua ni wapi afadhali wawe. Hata leo sijui. Nilimwona mama, paji la uso limelazwa kwenye benchi lake la upande usio na upepo.

Baba mdogo alikuwa amepiga magoti karibu na mlango. Nilimgusa bega. Alifumbua macho, akaona uso wangu, akatoka nami.

"Jiwe," nilimwambia.

Hakujifanya hajui. "Nalitoa mwenyewe kesho jioni. Lilikuwa la kutuliza kelele tu. Watoto walikuwa wanalia."

"Halitafika kesho jioni. Halitafika mwisho wa maombi haya. Tunatoa moto, na mimi peke yangu siwezi."

"Sabato imeingia, mwanangu."

"Ng'ombe wako akishindwa kuzaa siku ya Sabato, unamwacha?"

"Namvuta ndama."

"Njoo basi tumvute."

Alinitazama. "Umeanza tena maswali yako?"

"Siulizi, baba mdogo. Nakuomba."

Nadhani ni neno hilo. Alivua koti, akaligeuza bitana nje, akalilaza juu ya ua wa kanisa, akaingia.

Sitasahau jinsi alivyoushika ule moto. Mimi niliuvuta kwa hasira; yeye aliukata vipande kwa ncha ya reki, akavileta mbele kimoja kimoja, nami nikavisukuma kwa beleshi hadi kwenye sakafu ya saruji. Chumba kilijaa moshi wa kiberiti. Tulikohoa, machozi yakatutoka. Kila mara fundi alisema, "Naona maji," kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto, na kila mara nilipumua. Kuna wakati hakusema. Baba mdogo alisimama na reki mkononi, nami nikasimama na beleshi, na nilihisi miguu yangu ikigeuka kuelekea mlangoni bila mimi.

"Naona," fundi akasema.

Mshale ulikuwa umeacha kupanda, lakini haukuwa umeshuka. Hapo ndipo niliposikia mlango wa kanisa ukifunguliwa.

Walitoka kama wanavyotoka siku zote, polepole, wakisalimiana, wakitakiana Sabato njema, wakilalamikia mvua ya mawe. Walipita mbele ya mlango wetu mmoja mmoja kwa sababu kijia kilikuwa chembamba. Mtoto alisimama kutazama makaa mekundu sakafuni, mama yake akamvuta. Mzee mmoja alisimama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa na mshale upande mmoja wa macho na kiatu kile upande mwingine, na sikuweza kutamka neno, kwa kuwa niliogopa nikianza kusema nitapiga yowe na wote wasimame.

Mama alikuja mwisho. Akasimama mlangoni kabisa, Biblia kifuani.

"Mnafanya nini na moto Sabato?"

"Mama, nenda nyumbani."

"Unanifukuza?"

"Nenda tu."

"Shemeji," baba mdogo akasema, na uso wake ulikuwa mweusi wote isipokuwa macho, "tafadhali nenda."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akajifunga kitambaa kichwani vizuri, akaondoka. Nilisikiliza viatu vyake vikiponda mawe ya mvua hadi vikafika barabarani.

Mshale ulianza kushuka nusu ya tanuri ikiwa tupu. Uliposhuka chini ya mstari mwekundu na kukaa huko, nilimwambia baba mdogo kwamba sasa anaweza kulitoa jiwe. Alipanda mwenyewe. Aliufungua waya polepole, jiwe akalipokea kwa mikono miwili. Mkono wa valvu haukujongea hata kidogo. Akateremka, akakaa juu ya ngazi ya mwisho, jiwe mapajani.

"Usimwambie mama yako," akasema.

"Kwa nini?"

"Atasema kanisani. Mama yako hajui kunong'ona."

Sikumwahidi. Nilifika nyumbani mama ameshalala, au amefanya kama aliyelala. Asubuhi nilimkuta jikoni, amevaa nguo za kanisa, akinywa uji uliopikwa jana yake. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote: makaa, mvua ya mawe, jiwe, mshale. Nilieleza vibaya. Mtu ambaye kwa miaka amebishana na kila neno linalosemwa katika nyumba hii, atasadikiwa vipi akisema ukuta wa kanisa ulikuwa karibu kuwaangukia? Nilijua wangesema kijana wa chuo kikuu anawatisha watu ili waache Sabato. Nilimwona mama akiufikiria uwezekano huo pia.

"Wewe uliogopa?" akauliza.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa utakufa na mimi nimesimama pale na beleshi."

Aliweka kikombe chini. "Tangu uende chuo hujawahi kunijibu kitu bila kuniuliza kingine," akasema. "Basi ni kweli."

Alikwenda kanisani. Wakati wa matangazo alisimama, akasema Ijumaa ijayo yeye hatakuja pale, ataikaribisha Sabato nyumbani kwake, na anayetaka aje. Aliulizwa kwa nini. Akasema boila iko karibu mno na watoto. Hakumtaja mtu wala jiwe. Baba mdogo, mwenyewe aliniambia baadaye, alikuwa amesimama kusema habari ya jiwe, lakini wanawake walikuwa wameshaanza kuulizana nani ataleta mabenchi.

Ijumaa iliyofuata, kwa mara ya kwanza, tanuri halikujazwa. Wachochea moto waliacha makaa machache tu, na baba mdogo alikuja kunionyesha kabla ya kunawa, kama mtoto anavyoonyesha mikono kabla ya chakula. Kisha wote wakashuka hadi kwetu. Mimi nilibaki na fundi wa ziwani mbele ya kioo cha maji. Upande wa pili wa kijia kanisa lilikuwa limefungwa, na kwa mbali, kutoka nyumbani, wimbo ulikuja na kupotea kadiri upepo ulivyopenda.

Mshale ulikuwa chini ya mstari mwekundu. Fundi aliniona nikiutazama bila kupepesa.

"Injinia, bado unaogopa?"

"Naogopa. Lakini leo najiogopea mimi tu."

"Na mimi je?"

"Na wewe."

"Haya," akasema, akavuta ndoo akaikalia. "Basi ogopa vizuri, maana mimi nataka kupumzika."

Nilivuta ndoo yangu nikakaa karibu naye, macho kwenye kioo.